Digidigi na Wazee wa Nyuma ya Mlango

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba, majembe na majirani wa kugombana nao, palikuwa na kijiji kimoja kando ya mto. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, maana hadithi hii sisemi mara mbili.

Katikati ya kijiji kile palikuwa na ghala kubwa la udongo. Waliliita Ghala la Wazee. Desturi yake ilikuwa hivi: kila nyumba ikishavuna, inapeleka kikapu cha mtama. Mnyama akifanya kazi mpaka mikono ikaisha nguvu, anastaafu, anaweka jembe chini, na tangu siku hiyo ghala linamlisha mpaka anaingia kaburini. Leo wewe unamlisha mzee wa jirani, kesho watoto wa jirani wanakulisha wewe. Jambo zuri kabisa! Akija mtu kuwaambia lilikuwa baya, mwambieni mimi nimekataa.

Ubaya uliingia taratibu. Kikapu kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa vitatu. Wadogo wakalalamika, "Jamani, mbona mzigo unazidi?" Wakajibiwa, "Wazee wameongezeka." Wakanyamaza, maana nani atagombana na wazee?

Basi mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekaribia kabisa, ngoma ikalia. Ti! Ti! Ti! Wote wakakusanyika uwanjani.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Kiboko. Kulia kwake alikaa Fisi, mtunza ghala. Kushoto alisimama Nyati, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya kodi nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia Nyati njoo kesho.

"Ndugu wananchi," Kiboko akaanza, akakohoa, khoh! "Ghala limepungukiwa. Wazee ni wengi, wanaolima ni wachache. Kwa hiyo baraza limeamua kufanya mageuzi."

"Mageuzi gani tena?" akauliza Kindi kutoka juu ya uzio.

"La kwanza, wazee wanaoweza kutembea wenyewe, kama Bibi Kobe pale, mafao yao yatapunguzwa. Watakula nusu. La pili, kesho jua likifika utosini, kila nyumba italeta mbegu yake hapa uwanjani."

Uwanja mzima ukaguna. Mbegu!

Nyinyi mnaokula tu hamjui. Mbegu si chakula. Mbegu ni mtama ule mama anaouchagua mmoja mmoja, anautia kwenye kibuyu, anauning'iniza juu ya meko upigwe moshi usiliwe na wadudu. Njaa iwe kali namna gani, kibuyu kile hakiguswi. Ukila mbegu umekula mwaka mzima unaokuja.

Nyuma kabisa ya umati alisimama Digidigi. Alikuwa mjane, kimo chake hakifiki goti la Nyati, na wanawe wawili wadogo walikuwa wamemshika huku na huku. Kibuyu cha mbegu alikuwa nacho kimoja tu. Mama huyo akajua kabisa kwamba kibuyu kile kikiondoka, watoto wake hawatauona mwaka mwingine.

"Mwenyekiti, na asiyeleta?" akauliza.

"Asiyeleta atavushwa mto, yeye na watoto wake."

Watu wakainamisha vichwa. Ng'ambo ya mto aliishi Mamba. Waliovushwa hawakurudi kusimulia.

Digidigi akasogea mbele. "Basi naomba kuuliza jambo moja tu. Hawa wazee walioongezeka ni akina nani? Siku ya mgao mimi namwona Bibi Kobe, namwona Mzee Kakakuona, basi. Wengine wako wapi?"

Fisi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wengine hawajiwezi! Wamelala kitandani! Babu yangu mimi. Mama yake Nyati. Baba yake Mwenyekiti. Vikapu vyao Nyati anawapelekea nyumbani."

"Tungewaona hata mara moja, roho zetu zingetulia."

"Kuwaona!" Nyati akapiga kwato chini, puu! vumbi likatimka. "Unataka kumfunua mama yangu kitandani?"

Hapo hata wadogo wenzake wakamtazama Digidigi kwa jicho baya. Maana desturi ya kijiji ilikuwa moja: mzee mgonjwa aliyelala kitandani haonwi na mtu asiye wa damu yake. Ni kumvunjia heshima.

Kiboko akacheka kidogo. "Mama, mimi si mtu mbaya. Nenda mlangoni kwa Fisi ukamsalimie babu. Mlango usiuguse. Ukiisikia sauti yake, ufunge mdomo wako, na kesho uje na mbegu."

Digidigi akaenda, Nyati akimfuata nyuma, pumzi zake za moto zikimgonga shingoni. Walipofika, Fisi akatangulia ndani. "Ngoja nimwamshe," akasema, akafunga mlango, kwaa!

Digidigi akabaki nje. Akabisha. Ngo, ngo. "Hodi. Shikamoo, babu."

Ndani kimya. Halafu ikatoka sauti ya kukwaruza, "Khoo! Khoo! Marahaba... nani wewe?"

"Mimi Digidigi, babu. Unaendeleaje?"

"Khoo! Naumwa, mjukuu wangu. Mgongo, miguu, macho. Njaa tu ndiyo haiumwi. Mtama umeletwa? Na pombe je? Hi hi hi!"

Sauti ikajikata ghafla. Digidigi akatega sikio. Mzee mgonjwa gani anayecheka hi hi hi? Lakini Nyati alikuwa ameinama, pembe moja iko sawasawa na sikio lake.

"Umesikia?" Nyati akanguruma.

"Nimesikia."

"Una neno?"

"Sina."

Akaondoka. Hakwenda kwake. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Kobe, ambaye alikuwa ameketi mlangoni anapeta chuya za mwisho mwisho za mtama wake.

Bibi Kobe huyu, maisha yake yote alilima shamba la kijiji. Ukimtazama viganja utajua. Sasa alikuwa akipokea kikapu kimoja, na kuanzia kesho kingekuwa nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umekwenda kumsalimia babu yake Fisi." Akatikisa kichwa. "Babu yake Fisi! Mimi nikiwa bado yai, yule alikwisha ng'oka meno yote. Mimi ndiye niliyeishi miaka mingi kuliko wote kijiji hiki, na wa rika langu wote nimewazika. Wale watatu tu ndio hawafi."

"Na mlango wao haufunguliwi kamwe?"

"Utafunguliwaje? Mgonjwa haonwi. Labda siku watakayokufa."

Digidigi akachutama karibu naye. "Bibi, mzee wa ghala akifa, zamani mlikuwa mnafanyaje?"

"Aa, zamani! Siku mzee wa ghala anapofariki, kodi yote iliyoletwa siku ile inakuwa ya matanga. Inakwenda kwa waliofiwa, yote, hata punje haibaki. Watu wanapika, wanalia, wanakesha. Siku hizi nani anakumbuka? Wazee wengine tukifa tunafia vichakani, na wakubwa hawafiwi."

Digidigi akasimama. "Bibi yangu, kesho uje uwanjani. Useme maneno hayohayo, kwa sauti."

"Mwanangu, unataka kufanya nini?"

"Nataka kuwaua wale wazee."

"Mungu wangu!" Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, pwap!

Kesho yake jua likapanda. Wanyama wakaja uwanjani na vibuyu vyao kama wanaokwenda kuzika. Kindi akamwaga mbegu yake, akageuka asitazame. Nungunungu akamwaga. Sungura akamwaga. Rundo likakua, mtama mwekundu mzuri uliochaguliwa, mwaka mzima wa kijiji umelala chini kwenye vumbi.

Digidigi akaja wa mwisho. Mwanawe mdogo alikuwa anakivuta kibuyu. "Mama, tutapanda nini?"

"Niachie, mwanangu."

"Mama, usimwage!"

Akamwaga. Shaaa! Nawaambia kweli, hila ikishindwa hapo mama yule hana kitu tena, si mbegu, si maneno.

"Mwenyekiti," akasema, akapiga magoti. "Jana nilikosa. Nilimsumbua babu wa watu mgonjwa. Leo nimekuja na mbegu yangu, na Bibi Kobe naye ana neno. Anasema isije ikavunjwa desturi bila kujua."

Kiboko akamtazama Kobe kwa mashaka. "Sema, bibi, lakini upesi."

Bibi Kobe akatoa kichwa taratibu. Akasema desturi yote, jinsi kodi ya siku ya msiba inavyokwenda nyumba ya waliofiwa, yote, bila kugawanywa.

"Yote?" akauliza Fisi.

"Yote, baba."

"Hata kama ni rundo kubwa namna hii?"

"Hata kama lingefika mawinguni."

Digidigi akapangusa machozi, akaguna kwa huzuni. "Ndiyo hivyo basi. Leo bahati mbaya hakuna aliyefiwa. Wazee wote wazima. Basi, Mwenyekiti, gawanya tu. Huyu kidogo, yule kidogo, na Bibi Kobe naye kidogo."

Fisi akalitazama rundo. Akamtazama Nyati. Akalitazama tena rundo. Mate yakaanza kumtoka, tiri, tiri. Kiboko alimwona, akamkazia macho, akatikisa kichwa polepole kumkataza.

Wapi! Ni Fisi yule.

"UWIIII!" Akajibwaga chini, akajigaragaza. "Uwii, babu yangu! Babu kafa! Kafa alfajiri ya leo! Nilikuwa najikaza tu nisiwaharibie mkutano! Uwii, nimebaki na nani miye!"

"Fisi!" Kiboko akasema kwa meno.

Lakini Nyati alikwishaliona rundo linakwenda kwa Fisi peke yake. "Hata mimi!" akapiga kelele. "Mama yangu naye kafa! Asubuhi! Kabla ya babu yake Fisi!"

"Wa kwangu ndiye wa kwanza!"

"Wa kwangu!"

Kiboko akabaki katikati, jasho linamtiririka. Akili ilimwambia nyamaza. Tumbo likamwambia mtama unakwenda. Akafumba macho, akafungua kinywa. "Babaaa! Baba yangu weee!"

Kijiji kizima kikapigwa na butwaa. Misiba mitatu kwa mpigo, na waliofiwa wanagombania nani kafiwa kwanza!

Hapo ndipo Digidigi aliporuka juu, akajishika kichwa. "Uwii, jamani, msiba! Kina mama, mnasimama mnatazama nini? Twendeni msibani! Kwa Fisi kwanza, ndiko karibu! Twendeni tukamlilie babu!"

Vilio vikapanda. Umati ukageuka, ukaanza kushuka kwa mwendo mmoja kuelekea nyumba ya Fisi.

Fisi akaacha kulia mara moja. "Ngojeni! Mnakwenda wapi?"

"Kwako, baba. Pole sana."

"Hapana! Haruhusiwi kuonwa! Desturi!"

"Mgonjwa ndiye haonwi, mwanangu," akasema Bibi Kobe, naye anajikokota katikati ya umati. "Nyumba ya msiba haifungiwi mtu. Ukiifunga, huna msiba."

Fisi akachomoka mbio, akawapita wote, akafika mlangoni mwake, akasimama akiuziba. Meno nje yote. "Atakayesogea namng'ata! Nasema namng'ata!"

Umati ukasimama. Nungunungu akarudi nyuma. Kindi akapanda mti. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, na mimi siwalaumu, maana meno ya Fisi yanavunja mfupa. Nyuma yao walisikia vishindo, puu, puu, puu: Nyati na Kiboko wanakuja kuutawanya umati.

Digidigi akawatazama wanawe. Akainama. Chwi! Akapita katikati ya miguu ya Fisi, akausukuma mlango kwa kichwa, akaingia.

Ndani giza. Harufu ya mtama na pombe. Macho yalipozoea, damu ikamwisha.

Kitandani palikuwa na mtu. Amelala, amefunikwa blanketi, kichwa cha duara kimelala kwenye mto.

Kumbe yupo! Kumbe mzee yupo kweli, na yeye kaja kumkanyagia heshima yake, na sasa ni kuvushwa mto na watoto wake. Nje Fisi anabweka, hathubutu kuuacha mlango, na Nyati amekwishafika.

"Shikamoo, babu," akanong'ona.

Kimya.

"Babu?"

Kimya. Akanyoosha mguu, akaligusa blanketi. Gumu. Akashika pindo kwa meno, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kong'o! Kongorongoro! Babu akabingirika kutoka kitandani, akapiga sakafu, akabingirika mpaka mlangoni, akatoka nje, akasimama mbele ya miguu ya Bibi Kobe.

Kilikuwa kinu. Kinu cha kutwangia.

Bibi Kobe akakitazama. "Masikini," akasema. "Kweli ameng'oka meno yote."

Kicheko kikapasuka, halafu kikakatika ghafla. Mlango ulikuwa wazi, na jua limeingia mpaka ndani, na wote waliona. Nyuma ya kitanda vikapu vimepangwa mpaka darini. Na kila nyumba ya kijiji kile ilikuwa na ususi wake.

"Kile changu!" akalia Kindi. "Kile chenye mstari mweusi! Nilikileta mwaka ule mtoto wangu alipolala njaa!"

"Na kile changu!"

"Na vile, na vile, jamani!"

Hasira ya wadogo ikapanda. Nyati alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona macho ya kijiji kizima yanamtazama bila woga, na mara ya kwanza maishani mwake akarudi nyuma hatua moja. Wakaenda kwake. Mama yake alikuwa gogo. Wakaenda kwa Kiboko. Kwa Kiboko kitanda kilikuwa kitupu, hata kinu hakujisumbua kuweka. Vikapu tu.

"Wavushwe mto!" wakapiga kelele.

"Na ghala livunjwe!" akasema Kindi, amekwisha kamata shoka. "Tusitoe tena hata punje! Kila mtu ajilishe!"

"Livunjwe! Livunjwe!"

Bibi Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, polepole mno, akatulia.

Digidigi alimwona. Akakimbia, akasimama mlangoni pa ghala, kijitu kidogo, anahema. "Kindi, weka shoka chini! Ghala limekuibia nini? Lina mikono? Waliokuibia ni wale pale! Ukilivunja ghala, Fisi atakula popote, ana meno. Mtamuua Bibi Kobe. Na mwishowe mtajiua wenyewe, maana mikono yako hiyo, Kindi, nayo itachoka."

Kindi akaitazama mikono yake. Akaweka shoka chini.

Basi mageuzi yakafanyika siku ileile, lakini si yale ya Kiboko. Mbegu zikarudi majumbani. Vikapu vya dhuluma vikarudi ghalani. Kodi ikashuka ikawa kikapu kimoja kama mwanzo, na kila mvuno, kabla ya mgao, kina mama wawili wanaingia kwa adabu kumsalimia kila mzee uso kwa uso, mgonjwa na mzima, kwa mkubwa na kwa mdogo. Ile desturi ya kufunga mlango wakaizika. Wale watatu hawakuvushwa mto. Walipewa majembe wakalima shamba la ghala, na huyo Kiboko, niwaambie, alikuwa mvivu ajabu, ilibidi asimamiwe.

Mvua ilinyesha kabla wiki haijaisha. Digidigi alipanda mbegu yake na wanawe, shimo kwa shimo. Na siku ya mgao Bibi Kobe aliondoka na kikapu kilichojaa mpaka kinamwagika, watoto wa Digidigi wanamfuata nyuma wakiokota punje na kumrudishia.

Ukitoa jasho lako kuwalisha wazee, una haki ya kumwona kwa macho yako mzee anayelishwa.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyesinzia asiniulize, amuulize mwenye muhogo.